Bolti ya Tano

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, Ivonne Gualdi alisukuma kwa goti mlango wa banda la matayarisho, mikononi amebeba mikanda miwili ya ngozi aliyoimalizia kushona alfajiri ile. Banda lilikuwa nyuma ya Villa Scaruffi, kilomita tisa kutoka Modena, na ndani yake kulikuwa na gari moja tu: Falcieri Gheppio ya mwaka 1972, kijani kilichoiva, namba 31 katika mnada wa jioni ile. Lilikuwa limeegeshwa juu ya shimo la mafundi. Taa ya shimoni ilikuwa inawaka.

Alidhani kuna mtu amesahau kuizima. Akainama kutafuta swichi, akamwona mzee Nerio Bellei amelala kifudifudi chini ya shimo, kofia yake ya sufu imemtoka kichwani, nywele nyeupe za kisogoni zimeloa damu. Karibu na mkono wake ilikuwapo spana namba kumi na saba, na kwenye mpini wake zimegongwa herufi mbili: L.G.

Ivonne aliijua spana ile kabla ya kuzisoma herufi. Ilikuwa ya baba yake.

Alipiga simu polisi. Kisha, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampigia baba.

"Nerio amekufa," alisema. "Yuko shimoni, chini ya Gheppio. Spana yako iko hapo hapo."

Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa.

"Wewe uko salama?" Learco, baba yake, aliuliza.

"Mimi? Niko salama."

"Umeongea na nani?"

"Na wewe tu, baba."

Learco akakata simu.

Mkuu wa kituo, Carmine Lopresti, alifika saa moja na dakika arobaini na askari wawili. Alikuwa mtu wa Calabria, kule kusini, mwaka wa kumi na moja huu yuko mkoa wa Emilia, na watu wa pale walikuwa bado wanamwita mgeni. Aliandika kila kitu kwa penseli fupi, na aliuliza kila swali mara mbili, si kwa ukali bali kwa mazoea.

"Ulikuwa wapi saa kumi na mbili asubuhi, mama?"

"Karakanani kwangu, nashona. Nilitoka nyumbani kabla ya hapo, saa kumi na moja na dakika arobaini."

"Na nani?"

"Na cherehani."

"Cherehani haitoi ushahidi. Na spana hii?"

"Ya baba. Niliiazima Alhamisi nifungulie viti nilivyokuwa navishonea, nikaisahau pale kwenye rafu."

Alichosema kilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na alichokiacha. Ijumaa, wakila mchana, alikuwa amemwambia baba yake kuwa spana imebaki villa, na mzee akasema ataifuata mwenyewe, maana vifaa vyake vikilala nje yeye halali. Saa kumi na mbili na nusu jioni aliondoka. Alirudi saa tatu, ananuka divai, mikono mitupu, akapanda kulala bila hata kuzima taa ya jikoni.

Tena kila mtu pale alijua habari za Learco na Nerio. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa katika kiwanda cha Falcieri, Nerio akiwa msimamizi wa ukumbi wa kuunganishia magari, Learco fundi wake. Mwaka 1977 wafanyakazi waligoma siku thelathini na saba. Siku ya thelathini Learco aliingia kazini akipita katikati ya wenzake waliosimama mlangoni, kwa sababu mkewe alikuwa hospitalini na mtoto mchanga alikuwa nyumbani. Mtoto huyo ndiye Ivonne. Tangu siku hiyo Nerio hakumsalimu tena. Kiwanda kilifungwa miaka miwili baadaye, nao wakaendelea kununua mkate duka moja kwa miaka arobaini na minane, bila neno.

Hapo Villa Scaruffi, Nerio aliitwa kila mwaka kukagua magari ya Falcieri kabla ya mnada. Wanunuzi walipenda kuona mkono wa mzee wa kiwandani ukiligusa gari. Lakini mkono ulikuwa mapambo tu; neno la mwisho lilikuwa la Dokta Ulisse Montorsi, aliyerithi nyaraka zote za kiwanda, michoro na madaftari ya oda, na ambaye bila sahihi yake gari lilikuwa chuma tu. Alikuja pale kibandani saa mbili na nusu, mrefu, safi, glavu nyeupe za pamba mikononi kama wafanyakazi wote wa mnada.

"Maskini Nerio," alisema. "Umri ule, kushuka ngazi za shimo. Nimetoka Bologna sasa hivi, ndiyo nasikia."

"Hakuanguka," Lopresti alisema. "Amepigwa."

Montorsi alifumba macho, akatikisa kichwa, akaondoka. Mwenye gari, mfanyabiashara Ettore Vandelli, yeye hakufumba chochote. Aliuliza kama gari litauzwa.

Saa tatu na nusu simu ya Lopresti ililia. Alisikiliza, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaja kusimama mbele ya Ivonne.

"Mama, baba yako amekwenda kituoni kwa miguu yake. Amevaa suti. Anasema ni yeye."

Suti ilikuwa moja tu, ya harusi na mazishi. Ivonne alijiona anaikunja ile mikanda miwili ya ngozi, taratibu, ukingo kwa ukingo. Ni aibu kulisema, lakini aliamini. Alikumbuka walivyopishana na Nerio kwenye duka la mkate, baba akiangalia sakafu. Aliikumbuka taa ya jikoni. Aliamini, na akaanza kulia kwa kuwa ameamini.

Learco alikuwa na miaka sabini na minane na moyo uliowahi kupasuliwa na madaktari. Mwendesha mashtaka angefika saa kumi na mbili jioni kumchukua kumpeleka gereza la mkoa, na kutoka hapo karatasi zingeanza kutembea kwa mwendo wake, miezi kwa miezi. Ivonne hakuhitaji daktari amwambie kuwa mzee asingemaliza hata majira ya baridi mle ndani. Na kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekiri, mwendesha mashtaka aliruhusu kwa simu gari litolewe juu ya shimo na liuzwe. Pale villa walinyamaza dakika moja kumkumbuka marehemu, halafu wakaendelea kupanga viti. Lori la kuipeleka Gheppio ng'ambo ya mpaka lilikuwa tayari linangoja langoni.

Saa sita mchana alikuwa kituoni, anangoja kwenye benchi. Lopresti alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Nitakuambia jambo ambalo sipaswi," alisema. "Baba yako anasema walisimama uso kwa uso, akampiga kwenye paji la uso. Daktari anasema kisogoni, kutoka nyuma. Nimemuuliza mara tatu. Paji la uso."

"Ni mzee. Amechanganyikiwa."

"Mzee huyu amenitajia namba ya simu ya binamu yake wa Argentina bila kupepesa. Hajachanganyikiwa. Anabahatisha."

Ivonne alimtazama. Mtu anayebahatisha hakuwepo. Na mtu ambaye hakuwepo, kwa nini avae suti kuja kujifunga kamba? Learco Gualdi alikuwa amebakiwa na binadamu mmoja tu duniani.

"Anadhani ni mimi," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Afande, baba yangu anadhani nimemuua mimi."

Lopresti aliichezea penseli yake. "Dakika kumi," alisema. "Mimi nakaa pembeni."

Learco alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha chuma, tai imekazwa, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Hakumtazama binti yake.

"Baba, Ijumaa jioni ulikwenda wapi?"

"Nimemwambia afande yote."

"Umemwambia paji la uso. Nerio alipigwa kisogoni."

"Basi kisogoni."

"Baba."

"Nimesema kisogoni. Andika, afande."

Dakika nne zilipita hivyo. Ivonne aliomba, akafoka, akamtaja mama yake, na mzee akawa ukuta. Alikuwa na kichwa kigumu tangu ujana na sasa alikuwa amekitia katika kazi. Mwisho Ivonne alichoka, akaanza kusema ovyo, kwa sababu kukaa kimya na baba yake katika chumba kile kulikuwa kubaya zaidi.

"Mimi mle garini nimeshona tu. Viti, na ile bitana ya buti. Alhamisi nzima nimepoteza kwa bitana. Zile bolti tano za tangi zimetokeza, ngozi haikai, nimekata mara mbili."

Learco aliinua kichwa.

"Bolti ngapi?"

"Tano."

"Nne."

"Baba, nilizipapasa kwa vidole hivi."

"Basi ulipapasa upuuzi. Tangi la pili lina bolti nne." Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na lile suala la kuua mtu lilikuwa kama limewekwa kando kwanza. "Mhandisi aliyebuni gari alichora tano. Ya tano inasuguana na paipu la breki. Gari la kwanza lilitoboka paipu kwenye mteremko wa Serramazzoni, Machi ya sabini na moja, mimi nikiwa ndani yake. Nerio akasema, kuanzia leo nne, na hakuna wa kumwambia Mhandisi. Mhandisi hakuwa mtu wa kuambiwa. Yeye akaendelea kuchora tano, sisi tukaendelea kufunga nne, na mambo yakaenda."

Lopresti alikuwa ameacha kuandika. "Hilo tangi la pili ni kitu gani?"

"Tangi dogo la safari ndefu, ndani ya buti," Ivonne alimjibu. "Kati ya Gheppio arobaini na moja, sita tu ziliagizwa nalo. Gheppio ya kawaida inanunua nyumba, afande. Yenye tangi la pili inanunua mtaa."

"Na hizo nne zimeandikwa wapi?"

"Hazikuandikwa," alisema Learco. "Zilikuwa kwa mdomo, ukumbini. Waliozijua walikuwa kumi na mmoja. Tumebaki..." Alisita. "Nimebaki mimi."

Hapo ndipo suti ilipomlegea. Alieleza huku anaangalia magoti yake. Ijumaa jioni, akienda kuchukua spana, alikutana na Nerio akitoka kwenye lango la villa. Akainamisha kichwa apite kama kawaida. Nerio akasema, "Learco, mle ndani kuna bolti tano."

"Miaka arobaini na minane," mzee alisema, "na neno la kwanza likawa hilo. Nikamwambia, haiwezekani. Akaniambia, nimepapasa kwa chini. Tukaenda kunywa. Tulikunywa kama watu wawili wa kawaida."

"Akasema nini tena?" aliuliza Lopresti.

"Kwamba tangi ni la bandia, limewekwa juzi na mtu anayefuata mchoro. Kwamba alfajiri atakutana na mhusika pale pale, ampe nafasi ya kuondoa jina lake kabla hajalisema hadharani. Sikumuuliza ni nani." Sasa alimtazama Ivonne, na macho yake yalikuwa mekundu. "Alisema pia bitana imeshonwa vizuri sana. Na asubuhi niliamka, kitanda chako kilikuwa kitupu."

Ivonne angemlaumu vipi, naye alikuwa amemhukumu baba yake tangu saa tatu na nusu?

Saa nane mchana Lopresti na Ivonne walimkuta Vandelli kwenye baa ya villa, anakula tambi za tortellini za mchuzi kwa mwendo wa mtu mwenye lori linalomngoja. Ijumaa saa kumi na moja jioni mashahidi watatu walikuwa wamemsikia akimfokea Nerio, na Lopresti alianza na hilo.

"Nilimfokea, ndiyo," alisema Vandelli. "Alikuwa ameingiza mkono chini ya gari langu kama daktari wa ng'ombe. Wanunuzi wanaangalia."

"Saa kumi na mbili asubuhi ya leo?"

"Baa ya stesheni. Tangu saa kumi na moja na nusu hadi saa moja, na madereva wangu wanne na mhudumu aliyenimwagia kahawa. Muulize, suruali anaijua." Aligeuka kwa Ivonne, akatabasamu kwa upande mmoja. "Mama wa viti, wewe nenda kashone. Baba yako kakiri, wewe unatafuta wa kumtwisha."

"Tangi hilo ulilikuta kwenye gari, au uliliweka?" aliuliza Ivonne.

"Mimi bolti sijui hata zinakaziwa upande gani. Nanunua, nauza. Dokta ndiye aliyelikuta kwenye daftari la oda, akaniambia, Ettore, gari lako lilikuwa na tangi la pili, mmiliki wa kwanza alilitoa. Akaleta michoro, likarudishwa. Ana karatasi, amesaini."

"Likarudishwa, au likatengenezwa?"

Vandelli aliifuta midomo. "Hilo swali wenye akili hawaliulizi."

Madereva wanne na mhudumu wa kahawa walithibitisha kila kitu, mpaka suruali. Lopresti alilikata jina la Vandelli kwenye ukurasa. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika kumi, na Ivonne alihisi saa kumi na mbili inamsogelea kama maji yanayopanda.

"Nifungulie buti," alisema. "Hilo tu."

Gheppio ilikuwa imeshasogezwa nyuma ya ukumbi wa mnada, imefunikwa shuka jekundu. Ivonne aliinua kifuniko cha buti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bitana, akasimama.

"Huyu si mimi," alisema.

"Nini?"

"Misumari. Mimi naipigilia vidole viwili kutoka mmoja hadi mwingine, maisha yangu yote. Tazama hapa: mitatu imeng'olewa ikarudishwa. Mmoja umepinda."

Aliing'oa kwa koleo lake, akaibandua ngozi. Gundi ilitoka bila ubishi, kwa kuwa ilikuwa imeshabanduliwa mara moja. Chini yake waliziona bolti: moja, mbili, tatu, nne. Penye ya tano palikuwa na tundu lililozibwa kwa kizibo cha mpira, na pembeni yake mkwaruzo mpya, chuma bado kinang'aa. Katika ngozi yenyewe, kwa upande wa ndani, uvimbe wa bolti tano ulikuwa bado umejichora, kwa sababu ngozi iliyonyoshwa ikiwa na maji haisahau haraka.

"Alhamisi zilikuwa tano," Ivonne alisema. "Spana namba kumi na saba ndiyo inayozifungua. Ilikuwa hapo hapo kwenye rafu."

Lopresti alichutama, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu. "Kwa hiyo aliyemuua ndiye aliyeitoa hii. Na aliitoa kwa sababu Nerio alikuwa amemwambia, dakika chache kabla, kwamba haitakiwi."

"Ndiyo."

"Baba yako naye alikuwa anajua kuwa haitakiwi."

"Baba yangu angelichomelea hili tundu na kulipiga rangi, usingeliona hata kwa miwani. Hiki kizibo cha mpira ni cha mtu asiyejua kazi." Alilitia koleo mfukoni. "Afande, Nerio alisema mtu aondoe jina lake. Jina la nani liko kwenye gari hili? Langu halipo. Mimi ni mama wa viti."

Walikwenda mezani pa mapokezi, ambapo mwanamke mwenye miwani alikuwa anawagawia wanunuzi kitabu cha mnada. Ivonne alikifungua namba 31. Katikati ya maelezo marefu kulikuwa na mstari mmoja: tangi la pili limefungwa kwa bolti tano, kulingana na mchoro wa kiwanda. Chini yake, sahihi nzuri ya Dokta Montorsi. Na ndani ya ukurasa kulikuwa na kikaratasi kilichochomekwa.

"Hiki ni nini?"

"Marekebisho," alisema mwanamke. "Yeye Dokta ni mtu wa uhakika sana. Akiona kosa la nukta hapati usingizi. Ameniletea leo asubuhi, tukapiga nakala mia mbili."

Kikaratasi kilisema: badala ya bolti tano, isomwe bolti nne. Mapokezi yalikuwa yamekigonga mhuri wa kuingia: Jumamosi, saa mbili na dakika tano asubuhi.

Lopresti alikisoma mara mbili, kama ilivyokuwa desturi yake. "Saa mbili na nusu aliniambia ametoka Bologna sasa hivi," alisema.

Saa kumi na nusu jioni Montorsi alikuwa katika chumba cha nyaraka, glavu zake nyeupe mikononi, mkoba wa ngozi kando ya kiti. Kupitia ukutani ilisikika sauti ya mwendesha mnada, namba 24, na makofi. Alimkaribisha Lopresti kwa adabu. Ivonne hakukaribishwa, akaingia vivyo hivyo.

"Swali dogo, Dokta," alisema Lopresti. "Tangi la pili la Gheppio lina bolti ngapi?"

"Nne."

"Kitabu kinasema tano."

"Kitabu kilikosea. Nimerekebisha."

"Umelipata wapi?"

"Kwenye nyaraka. Jana usiku nilizipitia upya."

"Nionyeshe."

Montorsi hakusogea. Mchoro ulikuwa ndani ya kabati la kioo nyuma yake, umetandazwa kwa ajili ya wageni, na Ivonne aliukaribia. Duara ndogo tano, kila moja na namba yake, kwa mkono wa Mhandisi.

"Hapa ni tano," alisema. "Kila mahali ni tano, Dokta. Nne haikuandikwa popote. Ilikuwa vichwani mwa watu kumi na mmoja, tisa wamekufa zamani, wa kumi ni baba yangu na hajawahi kuzungumza nawe. Wa kumi na moja alikungoja kibandani saa kumi na mbili asubuhi, ili uondoe jina lako kimya kimya kabla hajasema mbele ya watu. Alikuonea huruma."

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu aliyeng'oa misumari yangu."

"Ningemshauri huyu mama atoke nje," Montorsi alimwambia Lopresti. Sauti yake ilikuwa bado imenyooka, lakini mkono wenye glavu ulikuwa umeteremka hadi kwenye mkoba.

Lopresti aliufuata kwa macho. "Fungua, Dokta."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu askari aliufungua. Ndani kulikuwa na kalamu, miwani, glavu za pamba zilizofungwa ndani ya mfuko, kiganja cha moja kimeingia rangi ya kahawia, na bahasha ndogo ya kuhifadhia nyaraka. Ndani ya bahasha, bolti namba kumi na saba. Nje yake, kwa mwandiko ule mzuri: namba ya gari, tarehe ya siku ile, na neno moja, imeondolewa.

Hakuweza kuitupa. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita akihifadhi kila risiti na kila skrubu ya Falcieri hakuwa na mkono wa kutupa, na alipolirekebisha gari hakuwa na moyo wa kuiacha karatasi ikisema vingine. Lopresti alimweleza baadaye mwendesha mashtaka kwamba mwizi wa kawaida angeiacha tano kitabuni, na asingekamatwa.

Montorsi alikaa. Alizivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Gari hili lingekuwa la mwisho," alisema. "Vandelli angenipa sehemu yangu, nyaraka zingepata jengo lake. Nilichora kila kitu sawasawa. Kila kipimo." Kisha uso wake ukabadilika. "Yule mtu aliishia darasa la tano. Alisimama kwenye lile shimo, anacheka, ananiambia, Dokta, karatasi zako zimekuwa za uongo tangu siku zilipochorwa. Maisha yangu yote, unaelewa? Akanigeuzia mgongo anionyeshe kwa tochi mahali lilipo kosa."

Ivonne alikuwa amejiandaa kumchukia, na alimchukia, lakini alikuwa amechoka mno kulifanya jambo hilo vizuri. Kupitia ukutani mwendesha mnada alimaliza namba 30. Askari alikuwa ameshamnong'oneza. Akairuka 31, akasema namba 32, na watu mia mbili wakafunua ukurasa mmoja mbele.

Learco aliachiwa saa kumi na mbili kasoro robo. Ivonne alimwendesha nyumbani kwa gari lake dogo linalonuka gundi. Walipofika, alizima injini. Mzee hakufungua mlango. Alikuwa ameilegeza tai, na shingo yake ilionekana nyembamba ndani ya kola.

"Kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa sita mchana," Ivonne alisema, "niliamini ni wewe. Nataka ujue."

Learco aliitikia kwa kichwa. "Mimi nimekuzidi. Mimi niliamini tangu uliponipigia simu." Alifikiri kidogo. "Gereza halikunisumbua, mwanangu. Ningekaa. Nilichoshindwa ni kukuuliza. Nilikuwa na simu mkononi, na nimeshindwa."

"Na mimi nimeshindwa."

Jirani alipita na mbwa wake, akawaangalia, akaendelea.

"Basi niulize sasa," alisema Ivonne.

"Ya nini, na tunajua?"

"Niulize, baba."

Mzee alimgeukia.

"Ivonne, umemuua Nerio?"

"Hapana, baba. Na wewe?"

"Hapana," Learco alisema. "Alikuwa ameanza kuongea na mimi."

Ndipo alipolia, paji la uso juu ya dashibodi, kwa sauti ambayo Ivonne hakuwahi kuisikia hata mama alipokufa. Alimshika bega la suti, ile ya harusi na mazishi, ambayo mzee angeihitaji tena Jumanne, na akangoja pale pale mpaka amalize.